Fidya ya Moshi

Kazi ya uafisa mazingira niliipata kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Sina maelezo mengine. Wakati huo nilikuwa mtu wa mapokezi katika kiwanda cha mashuka na taulo, kando ya barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata. Nilipokea simu, niliandika majina ya wageni kwenye daftari, na niliwaambia watu wa bima kwamba meneja hayupo, huku meneja mwenyewe akikohoa ndani. Siku hiyo alitoka, karatasi mkononi, akasimama mbele ya meza yangu na kunitazama kama mtu anayechagua kuku.

"Dada, wewe ulisoma jiografia?"

"Nilisoma," nikasema. Sikuongeza kwamba mtihani wa mwisho nilipata D, na hata hiyo D nahisi msahihishaji alinionea huruma.

"Basi kuanzia leo wewe ndiye afisa wetu wa mazingira. Kofia ngumu utapewa stoo."

Kofia niliyopewa ilikuwa ya mwanamume mwenye kichwa kikubwa. Juu ya hijabu iliteleza, na kila nilipoinama ilitangulia kufika chini. Nilipewa na kizibao cha kung'aa, cha kuvaa juu ya baibui. Cheo kipya, meza ile ile, kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi.

Ile karatasi ilikuwa barua ya mteja wetu mkubwa, kampuni ya ng'ambo inayouza mashuka kwenye mahoteli. Waliandika kwa adabu nyingi kwamba wageni wao hawataki tena kulalia mashuka yaliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Walitaka kuona kwamba kiwanda chetu kinaelekea kwenye nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha, ya jua, maji na upepo. Nilichoelewa mimi ni kwamba kuna mtu mahali fulani, penye baridi, anakosa usingizi kwa sababu ya moshi wetu. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye moshi huo anao dirishani.

Shangazi ni dada wa baba, mjane, na nyumba yake iko nyuma kabisa ya ukuta wa kiwanda. Asikosewe hapo: nyumba ilitangulia, ukuta ndio uliokuja. Barazani kwake anasomesha Kurani, asubuhi wanawake, alasiri watoto, na mimi niliishi kwake tangu nilipopata kazi. Upepo ukigeuka, masizi ya dohani, bomba letu la moshi, hutua kwenye kamba yake ya nguo. Alikuwa akinipokea mlangoni kila jioni kwa ripoti.

"Leo nimefua mara mbili," ananiambia. "Mara ya kwanza nimetoa uchafu wangu. Mara ya pili nimetoa wa kwenu."

Nilikuwa "nyinyi" tangu siku niliyopewa kitambulisho cha kiwanda.

Kiwanda kilikuwa na matumbo mawili. Tumbo la kwanza lilikula umeme: cherehani, mashine za kufuma, taa, kompyuta yangu. Tumbo la pili lilikula makaa ya mawe. Hilo lilikuwa boila, pipa la chuma kubwa kama chumba, lililochemsha maji kutoa mvuke wa kupaushia na kutilia rangi vitambaa. Makaa yalikuja kwa malori kutoka kusini, yakipita Chalinze na Lugoba, yakikata kulia pale Msata, mpaka kwetu. Boila ilikuwa na fundi wake, Mkwere wa Lugoba, mtu mzima mwenye nyusi zilizoungua zikaota upya mara nyingi mpaka zikachoka. Wengine wote tulikuwa tukimsikia zaidi ya kumwona. Mvuke ukipungua, wanawake wa kutia rangi walipiga kelele dirishani, naye alijibu kwa Kikwere maneno ambayo hakuna aliyewahi kutaka kutafsiriwa.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Wiki hiyo hiyo alimpata dalali mmoja wa Dar es Salaam, akaniita ofisini tukazungumza naye kwa video. Dalali alikuwa kijana mwenye tai, nyuma yake kuna picha ya bwawa.

"Dada, ni rahisi," akasema. "Mtambo wa maji au wa jua ukizalisha uniti elfu moja za umeme, vinazaliwa vitu viwili. Kwanza umeme wenyewe. Huo unaingia kwenye nyaya, unachanganyika na umeme mwingine wote, hakuna anayeweza kuujua tena. Pili kinazaliwa cheti, kinachosema uniti hizi elfu moja zilitoka pasafi. Umeme unauzwa kivyake, cheti kinauzwa kivyake. Mkinunua cheti, mna haki ya kusema kwamba umeme mliotumia, kwa kiasi hicho, ni safi. Kisha cheti kinafutwa kwenye rejista ili mwingine asikitumie."

"Kwa hiyo umeme unaoingia hapa kwetu utabadilika?"

"Hapana. Utakuwa ule ule."

"Sasa kinachobadilika ni nini?"

"Haki ya kusema," akajibu.

Alieleza pia, na hili nalisema ili nisimdhulumu, kwamba wanunuzi wakiwa wengi, mwenye mtambo wa jua anapata nguvu ya kujenga mwingine, na mwenye kuchoma makaa anaona wateja wanamkimbia. Niliandika yote kwenye daftari la wageni, maana la mazingira lilikuwa halijanunuliwa.

Jumapili nilimweleza shangazi. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, nami nachambua mchele.

"Nishati nini?" akauliza.

"Jadidifu."

"Hilo ni la Kiarabu," akasema, na uso ukamchangamka, maana hapo tumeingia kwenye shamba lake. "Jadidi ni kipya. Ya kufanywa upya. Jua linafanywa upya kila asubuhi, na sisi hatutoi hata ahsante. Neno zuri. Nani kawapa?"

"Serikali, nadhani."

"Ehe. Endelea."

Nikaendelea: mtambo, uniti elfu, umeme huku, cheti kule. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukuna. Nilipomaliza akakung'uta kifuu.

"Hiyo ni fidya," akasema.

Nilidhani ananisifu.

"Fidya ya nani hutolewa?" akaniuliza, kama anavyowauliza watoto wa alasiri.

"Ya mtu asiyeweza kufunga. Mgonjwa asiyetarajia kupona, au mzee sana. Analisha maskini kwa kila siku aliyokula."

"Na mtu mwenye afya, anayependa chai yake tu ya saa nne?"

"Huyo hana fidya. Afunge."

"Vizuri. Na yule mgonjwa wa kweli, Idi ikifika, anatembea anawaambia watu amefunga mwezi mzima?"

"Hasemi hivyo. Anasema sikuweza, nimetoa fidya."

"Basi kawaambie wenzako," akasema shangazi. "Hao wenye maji na jua wapewe, wanastahili, wao wanafunga kweli. Lakini nyinyi msije mkaniambia mmefunga na huku nawaona mnatafuna."

Sikumwambia mtu yeyote. Ningemwambia nani? Kesho yake vyeti vilifika kwa barua pepe. Meneja akavichapisha kwa rangi, akaweka kimoja kwenye fremu ya dhahabu, akakining'iniza ukutani juu ya kichwa changu, nikawa nafanya kazi chini yake kama maiti inayosubiri kutambuliwa. Kisha akaagiza bango la getini. Maneno niliyachapa mimi, kwa vidole hivi hivi: KIWANDA HIKI KIMEACHANA NA MAKAA YA MAWE. Kwa nini niliyachapa? Kwa sababu aliniambia chapa. Na kwa sababu sikuwa nimekaa nikafikiri kwamba cheti kinahusu tumbo la kwanza tu. Cheti cha umeme hakimgusi mtu anayechoma makaa kuchemsha maji. Ni jambo ambalo mtu yeyote angeligundua kwa dakika tano. Mimi dakika tano hizo sikuzitoa.

Wa kwanza kuligundua alikuwa dereva wa lori. Alisimama getini na shehena yake ya makaa, akasoma bango kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Akazima injini. Akashuka akaja mpaka mapokezi.

"Dada, samahani. Hapa ndipo?"

"Ndipo."

"Mmeachana lini?"

"Juzi."

"Sasa huyu niliyemleta nimrudishe kwao?"

Walinzi walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Lori likaingia kwa geti la nyuma, na kuanzia siku hiyo malori yote yaliagizwa kutumia geti la nyuma.

Kisha tukaambiwa anakuja mkaguzi. Mteja alikuwa amemtuma mtu kutoka Dar es Salaam athibitishe tulichoandika. Meneja akachora njia ya kumpitisha: mapokezi, ukumbi wa cherehani, stoo ya taulo, kisha kibanda cha mlinzi, ambacho paa lake lilikuwa na paneli moja ya jua ya kuchajia simu na redio. Hapo tungesimama muda mrefu. Nyuma, kwenye boila, asifike. Nikatumwa kumpa fundi maagizo.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba. Umepotea?"

"Nimetumwa. Meneja anasema keshokutwa, mgeni akiwepo, ubane moto ili moshi usionekane. Na wewe mwenyewe ukae ndani."

Aliegemea sepetu lake, akanitazama. Nilitarajia matusi ya Kikwere. Badala yake uso ulimshuka.

"Miaka yote hii," akasema, "kila mgeni analetwa kwa wanaoshona. Anapigwa picha na wanaoshona. Sijaletewa mgeni hata mmoja. Nikajisemea sawa, huku kuna joto. Leo ndiyo naambiwa nijifiche, mimi na boila yangu, kama mke wa siri?"

"Ni kwa siku moja tu, baba."

"Na kamwambie meneja wako hivi: moto wa makaa ukiubana, unanuna. Ukinuna, unatoa masizi kuliko ukiuacha."

Nilimwambia meneja. Alikuwa kwenye simu, akapunga mkono.

Mkaguzi alikuwa msichana wa umri wangu, hijabu ya rangi ya maziwa, raba nyeupe, kishikwambi mkononi. Nilitarajia mtu mkali. Aliwaamkia walinzi, akawaamkia wafagiaji, akaniuliza kama nimekunywa chai. Watu wa namna hiyo ni hatari sana kuwadanganya. Nilimpitisha kwa njia yote ya meneja. Aliangalia vyeti, akalinganisha namba zake na za rejista, akasema viko sawa. Kwenye kibanda cha mlinzi aliitazama ile paneli kwa heshima. Redio ikaimba. Meneja aliyekuwa ametufuata akaitwa kupokea simu, na wakati huo huo ikaadhiniwa adhuhuri.

"Dada," akasema mkaguzi, "wanawake mnasalia wapi hapa?"

Swali la kawaida kabisa, na halikuwa kwenye mchoro wa meneja. Wanaume walikuwa na chumba chao karibu na geti. Chumba cha wanawake kilikuwa kimegeuzwa stoo ya taulo. Sisi tuliosali tulitoka kwa mlango mdogo wa ukuta wa nyuma, tukaingia barazani kwa shangazi. Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumpeleka msikiti wa barabarani. Lakini mtu akikuuliza mahali pa kusali, miguu inatangulia kabla ya akili. Nikamfungulia ule mlango.

Sasa kuna jambo moja. Misala ya shangazi huwa ndani, imekunjwa, juu ya kabati. Siku hiyo msala wake mweupe, ule aliotoka nao Umra, ulikuwa umetandikwa barazani, nje, tangu asubuhi. Nilimuuliza baadaye. Akasema aliuanika. Nilimuuliza tena mwaka uliofuata. Akaniambia nisimsumbue. Mpaka leo hajakiri.

"Shikamoo mama," mkaguzi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu, karibu. Maji ya udhu hayo hapo. Jisikie kwako."

Tukatawadha, tukasimama bega kwa bega, mkaguzi kwenye msala mweupe, mimi pembeni yake kwenye mkeka. Tulisali rakaa nne kwa utulivu, upepo ukitupiga mgongoni kutoka upande wa kiwanda. Tulipotoa salamu, kulia kisha kushoto, ndipo nilipomwona uso.

Alikuwa na alama nyeusi katikati ya paji la uso, ya duara, kama aliyegongwa muhuri. Na nyingine ndogo kwenye ncha ya pua.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Mashaallah," akasema. "Wenzako wanasali miaka arobaini ndiyo wapate sijida usoni. Wewe umepata kwa rakaa nne."

Mkaguzi akajigusa paji. Akatazama kidole. Akatazama msala, ambao haukuwa mweupe tena ila pale alipopiga magoti. Akageuka nyuma taratibu akafuata upepo kwa macho, akapanda ukuta, akakutana na dohani yetu, inavuta sigara yake bila haraka.

"Dada," akaniambia, kwa upole ule ule, "hiyo dohani ni ya nani?"

Nitasema ukweli: uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kulikuwa na kiwanda cha matofali upande wa pili wa barabara ambacho kingeweza kubebeshwa. Lakini ndani ya dakika chache zilizopita nilikuwa nimeomba mara nne, kwa Kiarabu fasaha alichonifundisha shangazi, nionyeshwe njia iliyonyooka. Na njia yenyewe nilikuwa naiona. Ilianzia pale barazani, inapita mlango mdogo, inaishia kwenye boila.

"Ni yetu," nikasema.

"Naweza kuiona?"

"Twende."

Fundi alipotuona wawili tunaingia, na mmoja ni mgeni, aliweka sepetu chini akajifuta mikono mara tatu. Alisahau kabisa kwamba yeye ni siri. Alimpa mkaguzi miwani yake ya kazi, akamfungulia kidirisha cha tanuri aone moto, akamwonyesha kipimo cha mvuke, akamweleza makaa mazuri yanavyolia yakivunjwa na mabaya yanavyonyamaza. Alizungumza nusu saa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kuharibu kazi ya mwenzake.

"Na hii inatumia umeme?" mkaguzi akauliza.

"Umeme?" Fundi alikaribia kukasirika. "Wa nini? Umeme ni ile taa tu pale."

Mkaguzi akaandika. Kisha akanigeukia. "Vyeti vyenu ni halali," akasema. "Umeme wenu mmeulipia usafi wake, hakuna ubaya hapo. Ila vinahusu kilichochomekwa kwenye soketi. Hiki hakina soketi. Na bango lenu linasema mmeachana na makaa."

"Nililichapa mimi," nikasema.

"Najua. Umeandika jina lako chini, kwenye faili."

Meneja alitukuta tukirudi. Alitutazama nyuso, maana nami nilikuwa na muhuri wangu.

"Mlikuwa wapi?"

"Kusali," nikajibu.

Hakuna meneja, katika pwani hii yote, atakayejenga kesi inayoanza na neno kusali. "Na baada ya kusali?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Aliuliza swali."

Bango lilishuka jioni ile ile. Meneja hakunifukuza, lakini kwa muda mrefu alinipita mapokezi kama anayepita meza tupu. Hilo nililimudu. Nilichoshindwa kukimudu ni wanawake wa cherehani. Maneno yalikuwa yameenea kwamba mteja atavunja mkataba, na mteja akivunja, mistari mitatu ya cherehani inafungwa. Nilikuwa nakula nao chakula cha mchana kila siku. Siku hiyo nilipofika na sahani yangu benchi lilijaa ghafla.

Mmoja wao, jirani yetu, mama wa watoto wanne, alinisubiri chooni. "Umeziuza kazi zetu kwa ajili ya nguo za shangazi yako," akaniambia. Hakupaza sauti. Angepaza ningejibu.

Nilimwambia shangazi nikitarajia atanisifu kwa ukweli wangu. Badala yake akavaa baibui akaenda mwenyewe kwa yule mama. Sijui walizungumza nini. Alirudi na macho mekundu, akasema tu, "Ana haki ya kukasirika. Usimkimbie." Nikawa nakula peke yangu, ila kwenye benchi lile lile, mwisho kabisa.

Majibu ya mteja yalichukua wiki kadhaa. Meneja aliyasoma amesimama mbele yangu, midomo inatembea. Hawakuvunja mkataba. Walisema vyeti vya umeme wanavikubali na tuendelee navyo. Kuhusu mvuke walitaka mpango wa kweli na tarehe ya kweli. Na waliongeza jambo moja: kiwanda kikihamishia mvuke kwenye umeme, na umeme huo ukawa na vyeti vyake, wataongeza oda. Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya msala. Akanitazama kana kwamba wazo lote lilikuwa langu, au lake, alikuwa hajaamua.

Kabla ya umeme, hata hivyo, alitaka kujaribu njia ya mkato. Mtu fulani alimshauri kuchoma maganda ya korosho. Yako mengi, hayachimbwi, yanarudi kila msimu. Fundi alionya kwamba maganda yana mafuta makali, na boila yake haikuumbwa kula vitafunio. Hakusikilizwa. Yakawashwa asubuhi. Kufika saa tano kijiji kizima kilikuwa kinalia. Watoto wa shule waliruhusiwa kurudi nyumbani. Walinzi walilia, wanawake wa rangi walilia, meneja alilia ofisini madirisha yamefungwa. Shangazi alikuja mpaka getini, ukaya umezunguka uso, ameacha macho tu, na hayo yanatiririka.

"Mwambieni bosi wenu nimesamehe makaa," akasema. "Rudisheni makaa."

Waliyarudisha siku ile ile, na kwa miezi kadhaa makaa yalikuwa na heshima ambayo hayakuwahi kuwa nayo.

Boila ya umeme ilifika kwa lori kutoka bandarini. Tulitoka wote kuitazama. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, nyeupe, na watu walidhani sehemu nyingine inakuja kwa lori la pili. Mafundi kutoka Dar wakaifunga, wakaleta na waya mnene kama mkono wangu. Dalali akauza vyeti vingi kuliko mwanzo, maana sasa hata mvuke ulikuwa umechomekwa kwenye soketi. Ile kuukuu ya makaa haikung'olewa. Umeme ukikatika siku nzima, inawashwa, dohani inatoa salamu zake, na ninaandika hivyo kwenye ripoti: siku fulani, saa fulani, tumechoma. Mkaguzi alinifundisha kuandika hivyo. Meneja huisoma ripoti na kuugua kama mwenye jino, lakini husaini. Mabango ameacha.

Wanawake wa cherehani walipata mstari wa nne. Yule jirani yetu hakuniomba radhi nami sikumwomba. Siku moja alisogea kwenye benchi, nikakaa, akanipa kachumbari. Basi.

Fundi ndiye aliyeumia. Alipelekwa kozi, akarudi na cheti chake mwenyewe, akapewa chumba chenye vioo, vitufe na kiyoyozi. Nilimtembelea wiki ya kwanza nikamkuta amevaa sweta. Pwani hii, mchana, sweta.

"Vipi, baba?"

"Haina kelele," akasema. "Ile nilikuwa nasikia ikiumwa kabla kipimo hakijasema. Hii naisoma kama gazeti." Akavuta mikono ya sweta. "Lakini juzi nimelala usiku kucha bila kukohoa. Mke wangu aliamka kunigusa kama niko hai."

Sikujua nimpe pole au hongera. Nikampa vyote viwili, akapokea.

Mimi bado niko mapokezi, na kofia nimebadilishiwa. Habari zimeenea mpaka ng'ambo ya pili ya mto kwamba pale kiwandani kuna dada anayehusika na vyeti vya jua. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka mashamba ya chumvi, mabuti ya mpira miguuni, mikono imepauka kwa maji ya bahari. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mfuko wa chumvi juu ya meza yangu kama ushahidi.

"Nimesikia mnatoa cheti kwa anayetumia jua," akasema.

"Hatutoi sisi, mama. Tunanunua."

"Hata hivyo. Sisi tunakausha kwa jua na upepo tu. Hatujawahi kuchoma hata kijiti. Bibi yangu hivyo, mama yangu hivyo. Cheti chetu kiko wapi?"

Nikamweleza. Uniti elfu moja. Rejista. Kwamba cheti kinatolewa kwa umeme, na umeme unapimwa kwa mita, na yeye hana mita kwa sababu hana umeme. Alisikiliza vizuri kabisa.

"Kwa hiyo jua lisilopita kwenye mita halihesabiwi kuwa ni jua?"

Nilimwambia asubiri. Nikampigia dalali, nikamweka kwenye spika, nikamsomea swali kama lilivyo. Dalali akacheka sana. Yule mama akaisikiliza ile simu inavyocheka mpaka ikamaliza, kisha akachungulia nje dirishani, akaona wingu linajikusanya, akasimama. Alisema hana muda wa kukaa, chumvi yake iko nje. Mfuko aliuacha, akasema ni wa shangazi yangu, waliwahi kusoma pamoja.